Chumvi ya kisima na mndimu wa mamangu

Mvua za mwaka zimeanza kulegea na pepo za kusi zimeshika. Huu ndio wakati ambao bustani ya nyumbani hapa Mji wa Kale hupendeza kuliko wakati wowote. Kule juu sakafuni mchicha umenifika magotini, na nimeshaukata mara mbili. Mabamia yametoa maua yake ya manjano yenye moyo wa zambarau. Tungule bado ni kijani lakini zimejaa. Kotmiri na nanaa tunachuma kila jioni, na tangu Ramadhani kupita sijanunua fungu la kotmiri Marikiti hata mara moja.

Lakini jirani akinisimamisha njiani haniulizi habari za mchicha. Huuliza, "Vipi ule mndimu wa uani, umepona?"

Mndimu huo aliupanda mamangu mimi nikiwa bado nakwenda chuoni kusoma Qur'ani na ubao mkononi. Ndimu zake zimeingia kwenye achari ya nusu ya mtaa. Mwezi wa kwanza mwaka huu majani yake yalianza kukauka ncha, yakawa kama yamechomwa na pasi. Mwezi wa tatu tawi zima la upande wa ukutani lilikuwa limebaki kijiti. Udongo ulikuwa umelowa na mti unakufa kwa kiu. Aliyekuwa akiuua ni mimi, tena kwa kuumwagilia kila siku.

Naeleza hili kwa urefu kwa sababu naona nyumba nyingi za Kibokoni, Kuze na hata Majengo zikianzisha bustani za ndoo na mapipa, na wengi watakosea nilipokosea mimi.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina vitundu kama sifongo, na maji ya bahari hupenya chini yake kutoka kila upande. Mvua ikinyesha, maji matamu hushuka na kuelea juu ya yale ya chumvi, maana ni mepesi. Kisima cha mtu wa Mji wa Kale kinateka kwenye tabaka hilo jembamba la juu. Ukiteka kidogo kidogo kwa ndoo, tabaka lina wakati wa kujirudisha. Ukitia pampu ya umeme ukavuta saa nzima, uso wa maji unashuka, na chumvi iliyo chini inapanda kuchukua nafasi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana hesabu yake: maji matamu yakishuka sentimita 1 yakabaki hapo, mpaka wa chumvi chini yake hupanda takriban sentimita 40. Ndiyo maana kisima kinaweza kubadilika ladha ndani ya msimu mmoja.

Hili si jambo geni. Ukiingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, utaona birika walilolichimba la kuwekea maji ya mvua. Kiko pia kisima kirefu kilichochimbwa baadaye na Waarabu, na maji yake yalikuwa ya chumvi mno, ya kuoshea tu. Waliokaa kisiwani walijua kwamba maji ya kunywa yanatoka juu au yanatoka ng'ambo. Hata leo maji yetu ya mfereji yanatoka mbali: Marere kwenye milima ya Shimba, Tiwi, Baricho kwenye mto Sabaki, na Mzima kule Tsavo, safari ya bomba ya zaidi ya kilomita 200. Mahali popote katika safari hiyo pakipata hitilafu, sisi wa mwisho wa bomba ndio tunaobaki na mitungi mitupu.

Basi Januari hii mfereji wetu ulikauka wiki tatu. Kaskazi inavuma, jua kali, mkokoteni wa maji unapandisha bei kila asubuhi. Nikatia pampu kisimani. Maji yalitoka kwa nguvu, nikafurahi, nikamwagilia kila kitu. Mamangu alisimama mlangoni pa jiko akaniambia, "Mwanangu, kisima hiki hatukukiteka hivi. Ndoo mbili alfajiri, ndoo mbili alasiri, basi." Nikamwambia mama, siku hizi kuna umeme.

Chumvi haiui mti kwa siku moja. Unapomwagilia, jua na mizizi huondoa maji, na chumvi hubaki kwenye udongo. Kesho unaongeza nyingine. Inafika siku chumvi ya udongoni ni kali kuliko utomvu wa mizizi, na hapo mzizi hauwezi tena kuvuta maji hata ukiwa umekaa ndani yake. Dalili ya kwanza ni ncha za majani kukauka, tena majani makongwe kwanza. Dalili ya pili ni ukoko mweupe kwenye kingo za ndoo au juu ya udongo. Mtu asiyejua akiona majani yamekauka anaongeza maji yale yale, na hivyo ndivyo nilivyofanya.

Mimea haifanani katika hili. Jamii ya ndimu, malimau na machungwa ni dhaifu kabisa mbele ya chumvi. Maharagwe na kunde changa pia hazina subira. Tungule, mabiringani na pilipili huvumilia kidogo lakini mazao hupungua. Mchicha na spinachi ni wagumu kiasi. Mkomamanga hustahimili, mkunazi zaidi, na mtende na mnazi ndio wenyewe wa pwani. Kama huna maji ila ya kisima, usijitafutie huzuni kwa kupanda mchungwa.

Hata hivyo nilijiuliza: mndimu huu umeishi miaka mingi kwa maji ya kisima hicho hicho, iweje ufe sasa? Pampu ilikuwa nusu ya jibu. Nusu ya pili niliipata siku mvua kubwa ya kwanza ya Aprili iliponyesha, nikaona maji yote ya uani yakikimbilia mtaroni. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimesakafia ua wote kwa saruji, nikaacha tundu dogo tu kwenye shina, kwa ajili ya usafi na watoto wasicheze matopeni. Kumbe kila mwaka mvua ndiyo iliyokuwa ikiuosha ule udongo, ikishusha chumvi ya kaskazi nzima chini kusikofika mizizi. Nikauzibia mlango.

Nilimwita fundi tukavunja saruji, duara la kama mita moja na nusu kila upande wa shina. Mlizamu wa bati la jikoni, au gata kama mafundi wanavyoiita, tukaugeuza umwage ndani ya duara hilo badala ya mtaroni, lakini mbali na shina lenyewe, kwa sababu shina la mndimu likikaa majini huoza gome. Matawi makavu nikayakata mpaka penye ukijani. Samadi ya mbuzi, iliyokwisha kuoza na kupoa, nikaitandaza juu. Kisha nikaiachia mvua ya Mei kazi yake, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa.

Wenye ndoo na mapipa hawahitaji kungoja Mei. Ndoo ya lita 20 ya udongo huoshwa kwa lita 40 za maji matamu, yakimwagwa polepole mpaka yatoke chini. Sharti ndoo iwe na matundu chini. Nimeona ndoo nzuri zenye maua nje ya milango ambazo hazina hata tundu moja. Hizo ni sufuria za kupikia chumvi. Kama maji matamu ni haba, afadhali umwagilie ya kisima siku za kawaida halafu uoshe kwa ya mvua, kuliko kuchanganya yote na kugawa kidogo kidogo.

Tena kuna chumvi tunayoileta wenyewe. Watu huchukua mchanga wa ufuoni kulainishia udongo, na mchanga huo umelala baharini. Wengine hutandaza makumbi ya nazi kuzuia unyevu usikauke, jambo zuri sana, ila kama makumbi hayo yalifukiwa ufuoni ya kupigwa kamba, yaloweke kwanza kwenye maji matamu na kuyamwaga mara mbili au tatu. Mbolea ya kuku isiyooza nayo ni kali. Na kwa sakafu zinazotazama bahari, kusi hupeperusha rasharasha ya maji ya chumvi. Majani yakimwagiwa maji matamu mara moja kwa wiki hushukuru.

Maji ya kutosha tunayapata wapi? Hesabu ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Bati langu la jikoni na ngazi ni mita 5 kwa 6. Mvua ya milimita 10, ambayo hapa kwetu wakati wa mwaka ni mvua ya asubuhi moja tu, inanipa lita 300, nikitoa ya kurukia na kupotea nabaki na 250 hivi. Hiyo ni mitungi kumi na miwili ambayo sikumlipa mtu wa mkokoteni. Mvua ya kwanza iache ipite, ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru.

Yako pia maji ya jikoni. Ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri, na ya samaki mabichi pia, mradi ukubali paka wote wa mtaa wawe wageni wako. Ya kuchemshia yaliyotiwa chumvi hapana. Maji ya udhu nimeulizwa sana: katika madhehebu yetu ya Shafi hayawi najisi kwa kutumika, hayatawadhiwi tena tu, kwa hiyo kuyakinga kwa beseni na kuyapa mpapai hakuna ubaya.

Mambo mawili ya hatari siwezi kuyapita. La kwanza ni mbu. Yule wa dengi na chikungunya huzaa kwenye maji masafi ya pipa, na huuma mchana. Tuliona mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018 jinsi chikungunya ilivyowakunja watu wazima wakashindwa kuinuka kitandani. Pipa lifunikwe kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa kamba, pasiwe hata pa kupita kidole.

La pili ni uzito. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe na chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko zisizozidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Pipa la lita 200 likijaa ni zaidi ya kilo 200. Ndoo ya udongo uliolowa ni kama kilo 30. Ziwekwe kandokando, juu ya kuta, kamwe si katikati ya chumba cha watu waliolala chini. Na boriti zenyewe zikaguliwe, maana maji yanayovuja chini ya ndoo huozesha bila kelele. Mimi mapipa yangu yako uani, napandisha maji kwa mkono, na mgongo unanilaumu.

Kuhusu visima nasema kwa ufupi: vingi viko hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Maji yake yamwagwe udongoni, yasirushwe kwenye majani yatakayoliwa mabichi. Kotmiri na nanaa zangu zinapata ya mvua au ya mfereji tu.

Pampu nimeiuza. Mndimu umechipua upande wa jikoni, majani mapya yanang'aa, na umetoa maua. Mwenye ujuzi wa miti aliniambia niyapukuse yote ili mti upate nguvu kwanza, lakini mamangu amekataa katakata na sikuthubutu kubishana naye mara ya pili mwaka huu. Maua mengine yameshaanguka kwa upepo na mengine yameshika. Juzi baada ya Alasiri nilihesabu ndimu changa kumi na moja. Yeye anasema ni kumi na mbili, kuna moja iko nyuma, upande wa ukuta, ambayo mimi siioni.