Msamaha wa Mama Mjamzito Unaishia Wapi?

Akina mama wengi wa Shanwe, mjini Mpanda, hawana bima ya afya. Je, wanatibiwaje?

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe wajawazito malipo katika vituo vya serikali. Hata hivyo, dawa zikiisha kituoni mama huenda kununua dukani, na nauli ni juu yake. Tena msamaha huo ni wa ujauzito. Mama asiye mjamzito akipata uvimbe wa kizazi, hulipia vipimo na upasuaji.

Kwa hiyo bima ni muhimu. Kuanzia mwaka 2018, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliandikisha kaya ya watu wasiozidi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini mkulima hushika fedha baada ya mavuno, na maradhi hayangoji msimu.

Tunazishauri kamati za parokia zihimize kila kaya kutenga fedha ya bima mara mahindi na mpunga vinapouzwa. Nanyi wafadhili, anzeni na wajane wasio na shamba. Hao hawana mavuno ya kungojea.