Ethanoli ya Brazil: Bei ilibanwa, miwa ikakimbilia sukari

DEREVA wa Brazil akiingia kituo cha mafuta hupiga hesabu kwanza. Lita ya ethanoli ikiuzwa chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza ethanoli. Ikizidi hapo anachukua petroli, kwa kuwa ethanoli huisha haraka zaidi njiani.

Uhuru huo wa kuchagua ulipatikana kwa gharama.

Novemba 1975, serikali ya Rais Ernesto Geisel ilianzisha mpango wa Proálcool. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda karibu mara nne kati ya 1973 na 1974, na Brazil iliagiza sehemu kubwa ya mafuta yake kutoka nje. Bei ya sukari nayo ilikuwa ikishuka, wenye viwanda wakilia. Serikali ikatoa mikopo ya riba nafuu ya kujenga mitambo, ikalitaka shirika lake la mafuta, Petrobras, linunue ethanoli, na ikapanga bei yake iwe chini ya petroli. Mwaka 1979 Fiat 147 ya ethanoli tupu ikaingia barabarani. Katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya asilimia 90 ya magari madogo mapya yalikuwa ya aina hiyo.

Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Ruzuku ikawa mzigo kwa hazina, na serikali, iliyokuwa ikihangaika na mfumuko wa bei, ikabana malipo ya mzalishaji wa ethanoli. Sukari ilipopanda bei nje, wenye viwanda wakapeleka miwa huko. Nani angewalaumu? Ilipofika 1989 ethanoli iliadimika vituoni, na nchi iliyojigamba kwa mafuta yake ya shambani ikalazimika kuagiza nje. Mwenye gari la ethanoli tupu hakuwa na pa kukimbilia. Miaka michache baadaye magari hayo karibu hayakuuzwa tena.

Kilichovibakizia viwanda soko ni sharti la kuchanganya ethanoli kwenye petroli yote. Sheria ya 1993 iliweka asilimia 22. Imani ya wanunuzi ilirudi 2003, Volkswagen ilipotoa Gol inayokubali mafuta yote mawili kwa kiwango chochote, nayo serikali ikayapa magari hayo nafuu ya kodi. Sasa sukari ikipanda, dereva naye anahama.

Sharti la kuchanganya halijaondolewa. Agosti 1, 2025 lilipandishwa kutoka asilimia 27 hadi 30.