Mvinyo kukaa sana siyo kunoga: cha kujua kabla hujaficha chupa

Mchana wa Novemba, ndani ya nyumba ya bati kule Zuzu, Dodoma, joto halina mchezo. Chupa ya mvinyo mwekundu iliyowekwa juu ya kabati kusubiri harusi ya mwakani haikomai pale. Inapikwa.

Wengi huamini mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyonoga. Siyo wote. Amarone ya Italia, mchanganyiko wa zabibu za Corvina, Rondinella na nyinginezo, huweza kukaa hata miaka 20. Zabibu zake huanikwa kivulini miezi kama 3 kabla ya kukamuliwa: maji yanapungua, sukari inajikusanya, kilevi kinapanda. Tanini nayo, ule ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyozidi majani, inakuwepo ya kutosha. Sheria ya Italia inataka ikae angalau miaka 2 ndipo iuzwe.

Dodoma huvuna zabibu mara 2 kwa mwaka, na mvinyo mwingi wa hapa ni wa kunywa mapema. Chupa ya bei nafuu ukiificha miaka 5, umeipoteza mwenyewe.

Ukifungua, nusa kwanza. Ukisikia siki au karatasi iliyolowa, iache. Ukiwa mzima, zungusha funda mdomoni: ukakasi ukiwa umelainika na ladha ya tunda bado ipo, umeuwahi.

Ya kutunza ilaze, ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa. Huna chumba cha baridi? Chini ya kitanda ni afadhali kuliko juu ya friji.