Félicité wa Gisenyi: Alimwachia Mungu yote bila kumficha neno

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka kutoka Gisenyi kwenda Goma hawaanzi siku bila sala. Huyu anaomba nyanya zake zisiozee njiani, yule anaomba mdeni wake alipe, na mwingine anaomba tu apite salama na beseni lake. Mwishoni karibu wote humalizia kwa kusema Mungu afanye apendavyo. Je, tunaposema hivyo huwa tunamaanisha?

Katika mji huu aliishi mwanamke aliyeyasema hayo huku akijua gharama yake. Ni marehemu Félicité Niyitegeka.

Félicité alikuwa Mkatoliki, mmoja wa wanawake walei waliojitoa kwa utume wa Kanisa, wanaoitwa Auxiliaires de l'Apostolat. Ndiye aliyeongoza kituo cha Saint Pierre hapa Gisenyi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, watu walimkimbilia. Yeye alikuwa Mhutu, hivyo hakuwa akiwindwa. Hata hivyo aliwapokea, akawaficha, na baadhi yao akawasaidia kuvuka mpaka kwenda Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Anayeijua Gisenyi anafahamu kwamba Goma ni mwendo mfupi kwa miguu. Naye Félicité angeweza kuvuka akaokoka.

Barua kwa kaka yake

Kaka yake, ofisa wa jeshi mwenye cheo cha kanali, alipata habari kwamba dada yake yuko hatarini. Alimtumia ujumbe akimsihi aondoke. Félicité alimjibu kwa barua fupi. Alimshukuru kwa kumjali, lakini akamweleza kuwa hawezi kuokoa maisha yake kwa kuwaacha watu 43 waliokuwa mikononi mwake, na kwamba amechagua kufa pamoja nao. Alimwomba awasalimie mama yao mzee na ndugu, akaahidi kumwombea atakapofika kwa Mungu. Kisha akaongeza kwamba, ikiwa Mungu atawaokoa kama wanavyotumaini, wataonana kesho.

Msomaji, tusiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho. Félicité hakujifanya kwamba anapenda kufa. Alitamani kuishi, na alilisema waziwazi. Yesu naye katika bustani ya Gethsemane aliomba kwanza kikombe kimwondokee, ndipo akakubali mapenzi ya Baba. Sala ya kweli haimfichi Mungu hofu wala haja iliyo moyoni. Mtu anaweka yote mezani, kisha anaacha uamuzi kwa Mwenyewe.

Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji waliwachukua Félicité na wakimbizi wake hadi kwenye makaburi yaliyokuja kujulikana kama Commune Rouge. Aliuawa huko. Leo mahali hapo ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na Taifa limemweka Félicité katika daraja la mashujaa wa Imena, pamoja na Mfalme Mutara III Rudahigwa na Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Huadhimishwa kila mwaka tarehe 1 Februari.

Siyo kukunja mikono

Wapo wanaosema kila baya ni mapenzi ya Mungu, kisha wanakaa. Félicité hakusali namna hiyo. Mauaji yale yalikuwa mapenzi ya watu, naye aliyapinga kwa kuficha na kuvusha kila aliyeweza. Alichomwachia Mungu ni kile kilichobaki baada ya yeye kufanya sehemu yake.

Kwa aliyerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi na kukuta shamba lina mtu mwingine, au mama aliyepoteza mtaji wake wote wa sambaza kwa siku moja, funzo hili linahusu. Usimwambie Mungu kwamba umeridhika wakati moyo unawaka. Mwambie una hasira, mwambie unataka nini. Nenda ukatafute haki yako kwa njia halali, au ukaanze tena na mtaji mdogo. Halafu jioni, ukishafanya unaloweza, mwachie lililobaki.

Na kama njia ya kujiokoa ni kumwacha mwenzako, kumbuka barua ile ya Gisenyi kabla ya kujibu.