Fundi wa Greeneville Aingia Bungeni (Sehemu ya Kwanza)

Kwetu mshonaji nguo ni fundi cherehani. Andrew Johnson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, asingestahili jina hilo. Alipofungua kibanda chake Greeneville, mji mdogo wa mashariki mwa Tennessee, Marekani, cherehani ya Isaac Singer ilikuwa bado kuzaliwa. Hataza yake ni ya mwaka 1851. Mafundi wa zama hizo walipanda juu ya meza karibu na dirisha, wakakunja miguu, koti mapajani, subana kidoleni, wakashona kwa mkono hadi giza liingie.

Alizaliwa Raleigh, North Carolina, mwaka 1808, akafiwa na baba akiwa na miaka mitatu. Mama, aliyeishi kwa kufua na kushona nguo za watu, alimkabidhi kwa fundi mmoja kwa mkataba wa uanagenzi. Mwaka 1824 kijana akatoroka na kaka yake, na fundi akatangaza gazetini zawadi ya dola 10 kwa atakayewarudisha. Shule hakuijua hata siku moja. Kilichomfumbua macho ni desturi ya karakana: watu walikuja kuwasomea mafundi hotuba za wanasiasa huku sindano zikienda. Kuandika na hesabu alinolewa na mkewe, Eliza McCardle, waliyeoana mwaka 1827.

Desturi ile aliihamishia Greeneville. Inasimuliwa kuwa alimlipa msomaji senti 50 kwa siku. Kibanda kikageuka baraza: mtu huja kupimwa suruali, akabaki kubishana siasa hadi jioni. Mwaka 1829 wateja hao hao wakamchagua diwani. Mwaka 1834 akawa meya.

Waandishi wengi hulipita mbio jambo linalofuata. Katiba ya Tennessee ya mwaka 1796 ilimtaka anayegombea ubunge wa jimbo awe na ekari 200 za ardhi. Fundi wa kushona angezitoa wapi? Katiba mpya, iliyopigiwa kura mwaka 1835, ilifuta sharti hilo. Johnson aliipigia debe, na mwaka huohuo akashinda kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Ila katiba hiyohiyo iliwapokonya kura Weusi walio huru, ambao walikuwa wakipiga kura Tennessee kwa karibu miaka 40. Mtetezi wa wanyonge hakuona tatizo. Baadaye yeye mwenyewe alinunua watumwa.

Huko Nashville, bunge la jimbo lilipokaa, alikuwa bahili wa fedha za umma kama fundi anavyobania kitambaa. Mswada wa kuzisaidia kampuni za barabara na reli aliupinga, akihofia kwamba treni itawanyang'anya riziki wenye magari ya farasi na nyumba za wageni njiani. Watu wake wa milimani, waliochoka kusukuma mizigo kwenye matope, waliitaka reli hiyo kwa hamu.

Mwaka 1837 wakamnyima kura. Akarudi kwenye kibanda chake, na toleo lijalo tutamfuata humo, akijiandaa kwa uchaguzi wa mwaka 1839.