Ziwa Ndani ya Kioo

Sogeeni, wajukuu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina samaki, majani, matope na wafanyakazi wadogo mno, hata jicho haliwaoni. Mkinisikiliza vizuri, mtaweza kujitengenezea ziwa lenu wenyewe shuleni, ndani ya kioo.

Siku ya anga safi, ukisimama ukingoni mwa milima yetu ya Ugweno ukatazama chini, unaliona Ziwa Jipe limelala bondeni. Upande mmoja ni wetu watu wa Mwanga, upande wa pili ni wa majirani zetu wa Taveta, Kenya. Mto Lumi unaliletea maji kutoka Kilimanjaro. Mto Ruvu, siyo ule wa Morogoro, unayatoa na kuyapeleka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Sasa nawauliza: samaki wa Jipe wanakula humo, wanajisaidia humo, wanazaana humo na wengine wanafia humo humo. Nani huwaoshea nyumba?

Jibu lina sehemu mbili. Samaki anapopumua na kujisaidia, hutoa kitu kiitwacho amonia. Amonia ni sumu. Ikizidi, inamuunguza matamvua. Lakini juu ya kila jiwe, kila chembe ya mchanga na kila shina lililozama wanaishi bakteria wanaoila. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huipokea nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria hawa na kueleza kazi yao, miaka ya 1890 na 1891. Kabla yake watu walijua kazi inafanyika bila kumjua mfanyakazi.

Sehemu ya pili ni mimea. Nitrati ni mbolea, na mmea wa majini huifyonza ukakua. Juu ya hapo, mchana jua linapowaka, mmea hutoa oksijeni. Hili mtaliona kwa macho yenu. Chukueni tawi moja la mmea unaoishi chini ya maji, mlitumbukize kwenye chupa safi ya kioo, kisha muiweke juani. Baada ya muda vitatokea vipovu vidogo kwenye ncha za majani. Kimoja kitajishikiza, kitanenepa, kitaachia, kitapanda juu na kupasuka. Hiyo ndiyo pumzi ya samaki.

Kuna aliyeyajaribu haya ndani ya kioo. Karibu na mwaka 1850, mjini London, mwanakemia Robert Warington alitaka kujua kama samaki wanaweza kuishi kwenye chombo bila kubadilishiwa maji. Akachukua chombo cha lita 50 na ushee, akatia mchanga, mawe, samaki wawili wadogo wa dhahabu na mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu membamba, ambao katika maziwa yetu ya Afrika pia upo. Mwanzoni mambo yakaenda vizuri. Baadaye majani yaliyokufa yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi wa kijani ukatanda kwenye kioo. Warington akaongeza konokono wachache wa majini. Konokono wakala uozo na utelezi, maji yakatakata. Mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ikafungua jengo la samaki kwa watu wote kutazama.

Hapo wajukuu, nyinyi msimfuate Warington mpaka mwisho. Kwetu huku, konokono wa madimbwi na mifereji huweza kubeba vimelea vya kichocho. Usiingie kwenye maji yaliyotuama kumtafuta konokono, wala usimshike kwa mkono mtupu. Kazi yake mtaifanya wenyewe kwa wavu mdogo: kila jani lililokufa, litoeni.

Sasa tujenge. Tuseme shule imepata tangi la kioo lenye urefu wa mita 3, upana mita 1 na kimo mita 1. Msistuke kwa ukubwa wake. Tangi kubwa ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kwa sababu maji mengi hayapati joto upesi wala hayapoi upesi, na kosa dogo humezwa na wingi wa maji. Baridi ya Ugweno mwezi wa Julai mnaijua. Ndani ya ndoo, perege aliyezoea joto la bondeni hupooza na kuacha kula. Lakini pigeni hesabu ya uzito kwanza. Tangi hilo likijaa lina lita 3,000, na kila lita ni kilo moja. Hizo ni tani 3 kabla hujaweka jiwe hata moja. Basi likae juu ya msingi wa zege uliopimwa kwa pima maji, siyo juu ya meza. Na ukiwaza kioo chembamba kitatosha, muulize fundi. Maji husukuma zaidi kadiri kina kinavyoongezeka.

Chini wekeni tabaka jembamba la udongo, juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Mimea mirefu ipandwe nyuma, mifupi mbele, na kwa wingi tangu siku ya kwanza. Maji ya bomba yaacheni kwenye madumu wazi siku nzima ili klorini ipungue, maana inaua bakteria pamoja na vijidudu vingine. Kisha ngojeni. Hapa ndipo watoto wengi hushindwa. Wakiona maji yametulia, wanataka samaki kesho. Lakini bakteria hawajazaana vya kutosha, na samaki wengi wakiingia kwa mkupuo, amonia itawamaliza. Ngojeni mwezi mmoja na zaidi, mimea ishike mizizi. Halafu watieni samaki wachache wadogo, na wengine baada ya wiki kadhaa. Haraka haraka haina baraka.

Chakula kiwe kidogo, kile wanachokimaliza kwa dakika chache. Jua lisipige kioo kutwa nzima, vinginevyo utelezi wa kijani utashinda mimea. Na mlinzi wa zamu awahi alfajiri, maana usiku mimea haitoi oksijeni. Nayo hupumua na kuitumia, sawa na samaki. Akikuta samaki wamepanda juu wanatweta midomo wazi, ajue usiku hewa ilipungua: samaki wamezidi au kuna kitu kinaoza. Ayaandike aliyoyaona. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mtauliza, basi tukishafanya hayo tuliache tangi lijiendeshe? Hapana. Kila mnapotia chakula, mnaingiza kitu ambacho hakitoki chenyewe. Chakula kinakuwa samadi, samadi inakuwa nitrati, nitrati inakuwa majani. Majani yasipokatwa, yanajaa, ya chini yanakosa mwanga, yanakufa, yanaoza, na mchezo unarudi mwanzo ukiwa mbaya zaidi. Kukata majani na kuyatoa nje ndiko kuusafisha uchafu wenyewe. Yatupeni bustanini, mchicha utawashukuru.

Litazameni tena Jipe. Mvua huosha udongo wa mashamba na mbolea, mito inaviteremsha mpaka ziwani. Kina kinapungua, na magugu marefu ya Typha, yale yenye vichwa vya kahawia, yamevamia kingo na kuingia mbali ndani ya maji. Mimea ile ile inayosafisha maji ndiyo inayoliziba ziwa, kwa sababu kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka. Wavuvi wanapata tabu kupitisha mitumbwi. Humo yupo perege aliyepewa jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, ambaye makazi yake ya asili ni mfumo huu wa Mto Pangani tu, na wataalamu wamemweka kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

Wazee wetu waliijua kanuni hii, kwamba kinachoingia lazima kitolewe, kabla ya kioo kufika. Katika milima ya Upare walijenga ndiva, mabwawa madogo ya mawe na udongo. Usiku maji ya chemchemi hujaza ndiva, asubuhi huzibuliwa na kuelekezwa mashambani kwa zamu. Maji huja na tope, na tope hutulia chini. Isipozolewa, ndiva inageuka kiwanja. Ndiyo maana kuna msaragambo: wanaotumia maji hutoka pamoja na majembe, wanazoa tope na kuziba nyufa. Asiyefika hutozwa faini.

Kwa hiyo, kabla hamjanunua kioo wala samaki, kaeni darasani mwandike majina ya zamu: nani atalisha, nani atatazama alfajiri, nani atakata majani. Na mkiwachoka samaki wenu, msiwamwage mtoni wala Jipe, kwa sababu samaki mgeni huchanganya damu na wenyeji na kuwamaliza. Wapeni shule nyingine. Zamu ikikosa watu, tangi lisijengwe.