Miji Inayozeeka (2): Yubari, mji uliokimbiwa na watu wa makamo

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Japani nzima inavyozeeka: karibu watu 3 kati ya kila 10 wametimiza miaka 65, na watoto wa Kijapani waliozaliwa mwaka 2024 hawakufika 700,000. Takwimu za taifa zina tabia ya kuficha mambo, kwa sababu Tokyo bado imejaa vijana. Leo basi tuuangalie mji mmoja tu, Yubari, ulioko kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa nchi hiyo.

Mwaka 1960 Yubari ilikuwa na wakazi karibu 117,000. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta 7,300 hivi, zaidi ya nusu yao wakiwa na miaka 65 au zaidi. Anayezisoma namba hizi harakaharaka atadhani wazee wameongezeka. Hawakuongezeka. Wengi wao ndio vijana na watoto wa enzi zile. Walioondoka ni wale waliopaswa kuwafuatia, na wajukuu wamezaliwa Sapporo au Tokyo.

Mji huo uliishi kwa makaa ya mawe. Mitaa ya wachimbaji ilitawanyika mabondeni kufuata migodi, nao watu wakazoea kuishi mbalimbali. Japani ilipogeukia mafuta kutoka nje, migodi ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Oktoba 1981 gesi ililipuka katika mgodi mpya kuliko yote, ikaua watu 93, na mgodi huo haukuinuka tena. Wa mwisho ulifungwa mwaka 1990. Mchimbaji wa miaka 35 mwenye watoto shuleni alifunga mizigo akafuata kazi kwingine. Aliyebaki ni yule aliyekuwa anakaribia kustaafu.

Halmashauri ikaamua kujaribu utalii. Zikajengwa bustani ya michezo, makumbusho ya makaa ya mawe, hoteli na viwanja vya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1990 likaanzishwa tamasha la filamu, ambalo Quentin Tarantino alilihudhuria na baadaye akampa msichana mmoja katika filamu yake ya Kill Bill jina la Gogo Yubari. Sifa mji uliipata. Watalii wa kutosha kulipa mikopo hawakuja. Kwa miaka mingi pengo lilizibwa kwa ujanja wa vitabu, mfuko mmoja wa halmashauri ukikopa ili kuufunika mwingine mwisho wa mwaka. Mwaka 2006 mambo yakawa hadharani, na Machi 2007 Yubari ikawekwa rasmi chini ya mpango wa serikali wa miji iliyofilisika. Deni la kulipa lilikuwa yeni bilioni 35.3.

Ndipo panga lilipoanza kufanya kazi. Watumishi wa halmashauri wakapungua kwa zaidi ya nusu, na waliobaki wakakatwa mishahara. Maktaba ikafungwa. Hospitali ya vitanda 171 ikageuzwa zahanati ya vitanda 19. Shule za msingi zikaunganishwa hadi ikabaki moja, za ngazi inayofuata vivyo hivyo. Kodi na ada zikapanda. Kwa hesabu za mhasibu, kila hatua ilikuwa na maana. Kwa hesabu za mji, kila hatua iliwasukuma nje walipakodi wenyewe: karani aliyepunguziwa mshahara, muuguzi aliyekosa wodi, mzazi ambaye shule ya mwanawe imehamishiwa bonde la mbali. Hao walikuwa na pa kwenda. Mzee wa miaka 78 hakuwa na pa kwenda, naye hakwenda.

Hasara ya kukosa watu wa makamo huonekana wakati wa baridi kuliko wakati mwingine wowote. Theluji ya Hokkaido hurundikana juu ya nyumba, na isipoondolewa uzito wake unaweza kuvunja paa. Kuiondoa ni kazi ya ngazi na beleshi, tena hurudiwa mara nyingi kabla baridi haijaisha. Mtu wa miaka 40 huifanya asubuhi akaenda kazini. Asipokuwepo, mzee hupanda mwenyewe. Kila mwaka Japani hupoteza watu katika ajali za theluji, na wengi wao ni wazee walioanguka kutoka juu ya paa zao au kufunikwa na theluji iliyoporomoka. Serikali hushauri wasipande peke yao. Ushauri mzuri, ila hausemi wapande na nani.

Mambo ni yale yale katika shughuli nyingi ambazo hakuna aliyezipa bei. Zimamoto wa kujitolea, wanaotegemewa sana mashambani, walizidi milioni 2 nchini humo katika miaka ya 1950. Tangu mwaka 2022 hawafiki 800,000. Katika kijiji cha Okawa, mkoa wa Kochi, chenye wakazi 400 hivi, uongozi ulifikia mwaka 2017 hatua ya kutafakari kulivunja baraza la kijiji na mahali pake kuweka mkutano wa wananchi wote, maana wagombea walikuwa hawapatikani. Fedha zinaweza kutoka Tokyo. Diwani na dereva wa basi la asubuhi lazima wawe wanaishi palepale.

Yubari yenyewe haikosi bidhaa ya kuuza. Meloni zake zenye nyama ya rangi ya chungwa zinajulikana Japani nzima, na katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2019 mjini Sapporo jozi moja ilinunuliwa kwa yeni milioni 5. Bei hiyo ilikuwa ya kujitangaza zaidi kuliko ya kula, lakini soko lipo. Wanaopungua ni wakulima wenyewe, kwa kuwa meloni ya namna hiyo hulelewa ndani ya banda la plastiki, kwa mkono, siku hadi siku.

Mwaka 2011 wananchi walimchagua meya wa miaka 30, Naomichi Suzuki, ambaye awali aliletwa na serikali ya jiji la Tokyo kusaidia kazi za ofisi. Alikubali mshahara uliokatwa asilimia 70. Jambo lake kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa kukiri waziwazi kwamba Yubari itabaki mji mdogo. Akaanza kuwakusanya watu kutoka mabondeni hadi eneo la kati la Shimizusawa, ili basi, daktari na mwondoa theluji wawafikie wengi kwa safari moja. Mwaka 2016 aliliendea shirika la reli kabla halijamjia, akakubali njia ya treni ifungwe kwa masharti kwamba usafiri wa mabasi usaidiwe. Treni ya mwisho ilipita Machi 31, 2019. Wiki moja baadaye Suzuki alichaguliwa gavana wa Hokkaido, akahamia Sapporo. Hata meya kijana, basi, naye aliondoka.

Miji mingine imeona ishara. Mwaka 2014 jopo la wataalamu la Hiroya Masuda, waziri wa zamani, lilitaja halmashauri 896 zilizo hatarini kutoweka, kipimo kikiwa wanawake wa miaka 20 hadi 39 kupungua kwa nusu au zaidi ifikapo 2040. Orodha mpya ya 2024 ina 744. Tangu orodha ile ya kwanza zimezuka zawadi za kila aina kwa wanandoa vijana: kiwanja, ruzuku ya nyumba, matibabu ya bure kwa watoto. Nyingi ya zawadi hizo humtoa kijana mji jirani tu, na Japani haiongezi mtoto hata mmoja. Wakati wa kuwashika watu ni kabla hawajaondoka: Yubari ilikuwa na miaka 30, toka 1960 hadi 1990, ya kuwatafutia kazi nyingine wachimbaji waliokuwa bado na nguvu. Sehemu kubwa ya fedha zake iliishia kwenye hoteli na bustani za michezo.

Kwa ratiba iliyowekwa, deni la Yubari linamalizika Machi 2027. Wiki ijayo tutakwenda Kamiyama, mji wa milimani kisiwani Shikoku, ambako mwaka 2011 waliohamia waliwazidi waliohama.